Kitongoji Kilichovuka Bahari: Habari za Connemara Patch, Saint Paul



Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka 11, alirudi kutoka skuli akiwa na karatasi ya kazi ya nyumbani. Ilikuwa na mti uliochorwa vizuri, na chini ya mizizi yake mstari mmoja mfupi wa kujazwa: ukoo wako umetoka wapi? Mama yake, ambaye ni binti yangu na ambaye jioni ile alikuwa akiwahi zamu ya usiku, aliandika "Zanzibar, Afrika", akaweka kalamu, akavaa koti, akatoka. Mimi nilikuwa nimekaa nikichambua mchele. Nikamwambia kijana kwamba jibu lile ni la haraka mno.

"Sasa niandike wapi, Bibi?"

"Makunduchi."

"Makunduchi ni mtaa?"

Nikamweleza kuwa Makunduchi ni mji ulioko kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja, na kwamba ndani yake mna miji minne, nayo ni Kajengwa, Kijini, Mzuri na Kiongoni; kwamba sisi ni watu wa Kajengwa; na kwamba ndani ya Kajengwa kuna kiambo chetu, na kiambo kina mipaka yake ambayo marehemu mama yangu alikuwa akiitaja kama mtu anavyotaja majina ya wanawe. Mtoto akautazama ule mstari, kisha akanitazama mimi. "Haitoshi hapa, Bibi," akasema.

Nimefundisha jiografia na historia kwa zaidi ya miaka 30, na maswali ya watoto nimeyazoea. Hili lilinikalia. Makunduchi sikuweza kumpeleka, nauli yake mnaijua. Lakini nilikumbuka kwamba katika mji huu huu tunaoishi, upande wa mashariki wa Saint Paul, palikuwapo watu waliotoka katika vitongoji vidogo vya pwani ya mawe kama yetu, wakaletwa Minnesota kwa meli na gari la moshi, na wajukuu wao wakafika mahali pa kutojua kabisa walikotoka. Basi Jumamosi tukafunga mikate na chupa ya chai, tukaenda kutazama walipokuwa wakiishi. Makala hii ndiyo niliyomwambia njiani, na mengine niliyoyasoma baadaye katika maktaba.

Watu hao walikuwa Waayalandi wa Connemara, na mahali walipokaa paliitwa Connemara Patch, yaani kiraka cha Connemara.

Namna Waayalandi wanavyoigawa ardhi

Ili kuwafahamu watu hawa hatuna budi kuanza na kwao. Nchi ya Ireland tangu zamani imegawanywa katika majimbo 4 ya kale, na ndani yake kaunti 32. Chini ya kaunti kuna tarafa, chini ya tarafa kuna parokia, na chini ya yote hayo kuna kipande kidogo kabisa cha ardhi chenye jina lake, ambacho kwa lugha yao ya Kiayalandi huitwa baile fearainn. Mimi nitakiita kitongoji, ingawa hakilingani sawasawa na kitongoji chetu. Chetu ni watu kwanza. Chao ni ardhi kwanza. Hata kikihamwa na mkaazi wa mwisho, jina na mpaka hubaki palepale. Vitongoji hivyo viko zaidi ya 60,000, na kwa wastani kila kimoja kina ukubwa wa ekari zipatazo 325, lakini vingine ni vidogo kama shamba moja na vingine ni maelfu ya ekari za mlima mtupu. Mpaka huwa ni kijito, au ukuta wa mawe, au handaki kuukuu, au pale ardhi kavu inapokutana na tope. Mgeni hupita bila kuona kitu, ilhali mwenyeji hujua kwamba hatua moja iliyopita alikuwa kwao, na sasa yuko kwa watu.

Barua zilifika kwa jina la kitongoji, bila namba ya nyumba wala barabara. Katika Ireland ya Kaskazini, mamlaka ya posta ilipoamua katika miaka ya 1970 kuweka namba na majina ya barabara mahali pa majina hayo, watu wa mashamba walipinga kwa nguvu, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, katika miaka ambayo hawakuwa wakikubaliana katika mengi.

Kati ya mwaka 1824 na 1846 Waingereza, waliokuwa wakiitawala nchi, waliipima yote kwa ramani ya inchi 6 kwa kila maili. Msomi mmoja mwenyeji, John O'Donovan, alizunguka nchi akiwauliza wazee majina ya vitongoji vyao na maana zake. Kazi yake ilikuwa njema, na bila yeye mengi yangalipotea. Lakini katika ramani majina yaliandikwa kama yalivyosikika katika masikio ya Kiingereza. An Cheathrú Rua, ambayo maana yake ni robo nyekundu, robo ya ardhi yaani, ikawa Carraroe, tamko lisilo na maana katika lugha yoyote. Ndugu zetu wa Barawa, ambao Wazungu waliuandika mji wao Brava, watalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Ilipofika mwaka 2004 ndipo serikali ya Ireland ilipotoa amri kwamba katika sehemu zinazosemwa Kiayalandi, majina ya Kiayalandi ndiyo yawe rasmi.

Kuna kitongoji kimoja Connemara ambacho kwa tahajia ya Kiingereza kina herufi 22: Muckanaghederdauhaulia. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kwa Kiayalandi ni maneno manne mepesi, Muiceanach idir Dhá Sháile, na maana yake ni mahali penye umbo la mgongo wa nguruwe baina ya maji chumvi mawili. Mnyama huyo tumwache kando. Ila nawaombeni mlitazame jina lenyewe lilivyo ramani: ukilijua, huna haja ya kuuliza njia. Ni kama Kilindini, au Mkunazini, au Ng'ambo. Aliyeyatoa majina haya alikuwa amesimama pale akitazama.

Ardhi ya mawe

Connemara ni upande wa magharibi wa kaunti ya Galway, unapoishia Ulaya na kuanza Bahari ya Atlantiki. Jina limetokana na Conmhaicne Mara, ukoo wa Conmac wa baharini. Chini ni jabali la itale. Juu yake udongo mwembamba, na penye mabonde tope zito la mboji, ambalo hukatwa vipande kama matofali, likaanikwa na kuwashwa badala ya kuni. Mvua hainyeshi kwa msimu, bali hunyesha tu. Ufuko umekatikakatika kwa hori na visiwa hata huwezi kujua nchi kavu imeishia wapi.

Nilipoona picha zake kwa mara ya kwanza nilidhani nimefika kwetu maweni, isipokuwa jua. Kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, zikizunguka vishamba vidogo. Sisi wa kusini Unguja tuna kuta kama hizo katika jiwe la matumbawe, zilizopangwa na wazee ili nguruwe mwitu wasile mihogo, na pia kwa sababu mawe yenyewe lazima uyatoe shambani, na ukishayatoa utayaweka wapi? Kwao pia ardhi nzuri ilikuwa haba, na mpaka karne ya 19 familia za kitongoji kimoja zililima kwa ushirika: kila nyumba ikipewa vipande kadhaa vilivyotawanyika, kimoja penye udongo, kimoja penye mawe, kimoja penye maji, na baada ya muda wakibadilishana, asiwepo mmoja wa kushika rutuba yote. Wenye ardhi Waingereza waliuona utaratibu huo kuwa ni vurugu. Mimi niliyekulia katika kiambo siuoni hivyo.

Zao lao lilikuwa mbatata. Kwa kuwa udongo ulikuwa mchache na maji mengi, walifanya kama mama zetu wanavyofanya kwa viazi vitamu: walipiga matuta. Walibeba mwani kutoka pwani katika matenga mgongoni, wakautandaza juu ya ardhi, wakapanda mbatata juu yake, kisha wakafunika kwa udongo wa handaki lililochimbwa pembeni kwa sepetu. Mwani ulikuwa mbolea, handaki lilitoa maji, na pasipokuwa na shamba pakawa na shamba. Kwetu Paje na Jambiani kilimo cha mwani wa kuuza kilianza mwaka 1989, nao kinamama wanajua uzito wa mwani mbichi kichwani. Sasa sikilizeni Waingereza waliyaitaje matuta hayo: kitanda cha mvivu. Watu waliotengeneza udongo kwa mikono yao juu ya jabali wakapewa jina la uvivu, na jina hilo, kama mtakavyoona, liliwafuata mpaka Minnesota.

Mwaka 1845 maradhi ya ukungu yalishika mbatata nchi nzima, na hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikwisha kufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja walikwisha hama, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 8 na ushei. Katika njaa hiyo Sultani Abdülmecid wa dola ya Uthmaniya alitoa mwaka 1847 pauni 1,000 za kuwasaidia, na waheshimiwa wa Ireland wakamwandikia barua ya shukrani. Watoto wetu wanapoambiwa skulini kwamba Waislamu wa Istanbul walijua habari za wakulima wa Ireland, mara nyingi huwa hawaamini. Waelezeni.

Safari ya mwaka 1880

Njaa ile kuu ilipita, lakini upande wa magharibi haukupona. Mwaka 1879 ulikuwa wa mvua na baridi, mbatata zikaoza tena, na Connemara ikawa na njaa. Padri mmoja wa Liverpool, James Nugent, akamwandikia askofu wa hapa Saint Paul, John Ireland, akimwomba awapokee baadhi ya maskini hao. Askofu huyu alikuwa mzaliwa wa kaunti ya Kilkenny, na jina lake na la nchi yake kulingana ni sadfa tu. Tangu mwaka 1876 alikuwa akiendesha mradi wa kuwapa Wakatoliki mashamba magharibi mwa Minnesota, wasirundikane katika mitaa michafu ya miji ya mashariki. Akakubali.

Tarehe 11 Juni 1880 meli Austrian iling'oa nanga Galway ikiwa na watu 309. Baada ya siku zipatazo kumi na moja wakafika Boston, na kutoka hapo gari la moshi hadi Saint Paul. Vijana wengi walitafutiwa kazi mjini. Familia zipatazo 24 zilipelekwa Graceville, katika kaunti ya Big Stone, karibu na mpaka wa Dakota, kila moja ikapewa ekari 160, nyumba ya mbao, vifaa na chakula cha kuanzia kwa mkopo.

Tusimame hapa kidogo. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wadakota, waliolazimishwa kuitoa kwa mkataba wa mwaka 1851, na ambao baada ya vita vya mwaka 1862 walifukuzwa Minnesota. Miaka 17 tu kabla ya Waayalandi hawa kuteremka garini, wenyewe walikuwa wameondolewa. Sidhani kama mtu aliwaambia, na sidhani kama nasi tuliambiwa tulipopokewa hapa.

Mtu wa Connemara alipewa ekari 160, yeye ambaye kwao hakuwa na hata 10. Ilikuwa ni uwanda usio na jiwe, usio na mti, usio na ufuko, na alipewa plau na ng'ombe wa kuivuta, yeye aliyejua sepetu na tenga. Hakukuwa na mwani. Hakukuwa na samaki wa baharini. Na kwao baridi ni ya mvua. Theluji huonekana kwa nadra na haikai.

Katikati ya Oktoba 1880 ilipiga tufani ya theluji ya kwanza, na majira yale ya baridi hayakwisha mpaka Aprili. Ni katika majira mabaya kabisa yaliyoandikwa katika historia ya nyanda hizi. Magari ya moshi yalikwama kwa wiki na wiki, na mwandishi Laura Ingalls Wilder alikuja kuyatungia kitabu kizima. Familia za Connemara zilikutwa ndani ya nyumba za mbao nyembamba, mbatata zimeganda, nguo hazitoshi. Habari zilipofika magazetini, mzozo ukaanza. Wengine walimlaumu askofu kwamba amewaleta watu kufa. Waliomtetea wakasema kosa ni lao wenyewe: hawakuzifunika nyumba zao kwa udongo wa majani kama wenzao, hawakuzihifadhi mbatata, wanapenda kuomba kuliko kulima. Neno likarudi lile lile la kitandani. Waayalandi wengine wa Minnesota, waliokwisha kupata nafasi, waliwaonea haya: walikuwa maskini mno, na walisema Kiayalandi.

Mimi namwona askofu kuwa mtu mwenye nia njema aliyefanya kosa ambalo wenye nia njema hulifanya mara nyingi, la kudhani kwamba mkulima ni mkulima popote umwekapo. Mvuvi wa Tumbatu ukimpeleka kulima ngano Basutu, asipovuna utasema ni mvivu?

Bondeni Saint Paul

Kufika masika ya mwaka 1881 familia nyingi zilirejeshwa Saint Paul, na wanaume wakatafutiwa kazi katika reli. Walijenga vibanda kando ya kijito cha Phalen, chini ya kilima cha Dayton's Bluff, kusini ya barabara ya East Seventh, karibu na njia za reli zilizowapa mkate. Hapo ndipo palipoitwa Connemara Patch. Ardhi ya bondeni, yenye mafuriko na moshi, ambayo wenye uwezo hawakuitaka. Nadhani msomaji amekwisha kuona mitaa ya namna hiyo katika kila mji aliopita.

Kijito chenyewe kimepewa jina la Mwayalandi mwingine, Edward Phelan, askari aliyeachishwa jeshi Fort Snelling akajishikia ardhi hapa mwishoni mwa miaka ya 1830, kabla mji haujawa mji. Mwaka 1839 alituhumiwa kumuua mshirika wake na akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Kwa hiyo ziwa, kijito na bustani kubwa ya upande wa mashariki vimebeba jina la mtuhumiwa, tena kwa tahajia isiyokuwa yake.

Juu kidogo ya Connemara Patch, kaskazini ya East Seventh, bonde ni lenye kina zaidi, nalo huitwa Swede Hollow. Wasweden ndio waliotangulia, kuanzia miaka ya 1850. Baada yao wakaja Wapoland, Waitaliano, na mwisho familia zenye asili ya Mexico. Kila kabila likipata afueni lilipanda juu ya kilima na kuwaachia bonde wageni wapya. Nyumba zilijipanga huku na huku ya kijito, vyoo vikijengwa juu ya maji yenyewe. Umeme na mabomba havikufika hata mara moja. Maji ya kunywa yalikuwa ya chemchemi. Desemba 1956 idara ya afya ya mji ilitangaza kwamba maji hayo yamechafuka, familia za mwisho zikahamishwa, na tarehe 11 ya mwezi huo kikosi cha zimamoto kikazichoma nyumba zote.

Leo ni bustani ya miti. Tulishuka Swede Hollow, tukaiona njia ya miguu na baiskeli iliyofuata reli ya zamani, tukaifuata kuelekea kusini mpaka chini ya daraja la mawe la East Seventh. Daraja hilo lilijengwa mwaka 1883 na 1884, lina matao mawili, na mawe yake yamepangwa kwa mzunguko, mithili ya mkeka unaosukwa mshazari, kwa kuwa barabara na reli zilikuwa hazikutani kwa pembe mraba. Mhandisi wake alikuwa William Albert Truesdell. Lilipokuwa likijengwa, watu wa Connemara walikwisha kuwapo hapo chini. Kijana aliweka kiganja juu ya jiwe akakiacha pale kwa muda, sikumuuliza kwa nini.

Ukivuka daraja umeingia palipokuwa Connemara Patch, na hakuna nyumba yao hata moja. Kijito kwa sehemu kubwa kimezikwa katika mabomba. Pana barabara kuu juu ya kichwa, reli, nyasi. Ukiendelea mbele kidogo unafika kwenye hifadhi ya Bruce Vento, iliyofunguliwa mwaka 2005 mahali palipokuwa yadi ya reli, chini ya majabali meupe. Na ndani ya jabali mna pango ambalo Wadakota huliita Wakan Tipi, nalo kwao ni patakatifu. Reli ilipoletwa sehemu ya pango ilikatwa. Hivyo basi katika mwendo usiozidi nusu saa, mtoto anapita mahali pa watu wanne au watano waliopoteza pao, na wa kwanza wao bado wapo na bado wanapadai.

Waliosahau

Kuna kitabu kiitwacho Forgetting Ireland, kilichotolewa mwaka 2003 na Bridget Connelly, mwanamke aliyezaliwa katika ukoo wa Graceville. Alikua bila kuambiwa kwamba watu wake walikuwa miongoni mwa wale wa Connemara. Alifuatilia mwenyewe utu uzimani, katika kumbukumbu za maandishi na kule Ireland. Waliojua walinyamaza, kwa kuwa jina Connemara lilikuwa tusi katika mji ule. Walinyamaza ili watoto wasichekwe, na kimya chao kikafanya kazi kuliko walivyokusudia: lugha ikaenda, jina la kitongoji likaenda, na aibu yenyewe ikabaki bila mwenyewe kujua ni aibu ya nini.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa siku mbili. Nilikumbuka mambo yangu. Nilipohamia mjini kusoma sekondari, wanafunzi wenzangu walikuwa wakinicheka kwa Kimakunduchi changu, na nilikiacha katika muhula mmoja. Binti yangu hakukisikia kwangu. Mwaka 2012 Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi ya lahaja ya Kimakunduchi, na mimi, mwalimu mzima, nililifungua nikakuta maneno ya mama yangu yamepangwa kwa alifu na bee, mengine nikiwa nimekwisha kuyasahau. Na nawajua miongoni mwetu hapa wazee wa Kibarawa na Kibajuni ambao watoto wao, sasa watu wazima wenye kazi nzuri, hawajaambiwa lolote juu ya miaka ya 1990 katika kambi ya Utange, Mombasa, sembuse jina la mtaa waliokimbia. Siwalaumu. Kila mtu na sababu yake ya kunyamaza.

Usiku ule tuliporudi kutoka bondeni nilisubiri mpaka saa nne, ambapo kwetu ni alfajiri na watu wamekwisha kuswali, nikampigia dada yangu mkubwa Kajengwa. Nilimwambia nataka mipaka ya kiambo. Alidhani kuna kesi ya ardhi. Siku hizi huko kusini mtu akiulizia mpaka, huwa ni kuuza kwa wenye mahoteli. "Nani anautaka?" akauliza kwa ukali. Nikamwambia ni mjukuu, kwa kazi ya skuli. Akanyamaza, kisha akaanza kutaja: kisima, mkwaju, ukuta wa mawe aliouweka babu yetu, makaburi, njia ya kwenda pwani. Majina mawili sikuwahi kuyasikia, na moja nilikuwa nikilitamka vibaya tangu utotoni. Kijana aliandika kila kitu kwa herufi za kubahatisha, dada akimsahihisha kwa simu herufi kwa herufi. Mkwaju, alisema dada, ulikatwa mwaka juzi.

"Niuandike na huo, Bibi?" akaniuliza.

Dada alimsikia, akajibu kabla yangu. "Andika. Mpaka haukukatwa."

Mstari haukutosha. Akaigeuza karatasi, akachora nyuma.